Jagi la Baba Mkwe

Ili godoro lisilowe, mke wa fundi viatu aliliondoa jagi la maji chumbani kwa baba mkwe wake, akawa anampa mafunda ya kumezea dawa tu. Mzee alipoanza kuweweseka, mkojo wake mweusi kama chai ya rangi, walimkimbiza zahanati.

“Figo husafisha damu na kutoa uchafu kwa maji,” muuguzi alisema. “Mzee, mbona hunywi?”

“Mimi na maji tumegombana,” mzee akajibu, midomo imemkauka.

Mkwe hakuvumilia. “Nilimnyima mimi. Nilichoka kufua mashuka.”

“Najua, mwanangu,” mzee akasema. “Godoro likilowa, jua lipo. Mimi nikikauka je?”

Mkwe alimshikia kikombe, mzee akanywa kwa pupa, maji yakamwagikia shuka.