Vyeti vya Mama Earnestine

"Sajini mzima hujui cheo chako kinakaa wapi?" Vonetta alimwambia yule kijana, akamgeuza upande wa dirishani. "Hebu simama wima. Haya. Sasa usipumue."

Kijana akacheka. Alikuwa amepandishwa cheo asubuhi hiyo hiyo, na kombati yake aliitaka kabla ya saa tisa alasiri, iwe na alama mpya na jina lake juu ya mfuko.

"Nenda ukale, urudi baadaye," Vonetta akamwambia.

Akaiweka kombati chini ya sindano ya cherehani, akakanyaga. Mkono wa kulia ukamsaliti. Vidole viwili vya mwisho vilikuwa vimekufa ganzi tangu kiangazi, na sasa cha kati nacho kilikuwa kinafuata. Mshono ukaenda kombo. Akafumua, akaanza tena, na midomo yake ilikuwa inasema maneno ambayo hayafai kusikika kanisani.

"Mama yako amefika?" Mama Paik, mwenye duka, aliuliza kutoka kaunta.

"Hajafika."

"Saa saba inakaribia."

"Saa naiona, Mama Paik. Imening'inia pale ukutani inanitazama."

Duka lilikuwa hatua chache nje ya lango la kambi, katikati ya kinyozi na muuza matairi. Miaka kumi Vonetta amekaa pale akiwashonea vyeo vijana wanaotoka kambini, yeye ambaye jeshi lilimtoa kwa aibu. Mtu ukilifikiria sana jambo hilo unaweza kuchizi, kwa hiyo Vonetta hakulifikiria sana. Tatizo lilikuwa shingo. Iliumia Iraki, lori la mafuta alilokuwa akiliendesha lilipopinduka, na sasa ilikuwa inamla mkono taratibu. Hospitali ya askari wa zamani ingempasua bila malipo. Lakini karatasi yake ya kuachishwa jeshi ilisema hakutoka kwa heshima, na kwa karatasi ile hupiti hata mapokezi. Daktari wa mtaani alimwambia wazi kwamba bila upasuaji mkono ule hautashona tena. Vonetta alitaka neno moja tu libadilishwe kwenye ile karatasi, na leo saa saba bodi ya jeshi ingemsikiliza kwa video, kwenye kompyuta ya Mama Paik, kule stoo.

Kosa lake lilikuwa moja. Binti yake Kaylin alikuwa na miezi kumi Vonetta alipoitwa kurudi vitani. Askari anayelea peke yake lazima aonyeshe ni nani atabaki na mtoto, na mama yake, Earnestine, alikubali na akatia sahihi. Siku mbili kabla ya ndege kuondoka, Earnestine akapiga simu analia: moyo, mwanangu, daktari amenikataza hata kubeba ndoo, sembuse mtoto. Vonetta akapiga simu kwa kila mtu aliyemjua. Hakupata hata mmoja. Ndege ikaondoka, yeye amekaa sakafuni na mtoto mapajani. Polisi wa jeshi wakamfuata, mtoto akapelekwa kulelewa na watu baki, na wakubwa wakamwambia achague: mahakama, au atie sahihi aende zake. Akatia sahihi.

Sasa wakili wake, Bwana Brubaker, aliyejitolea bila kulipwa, alitaka kitu kimoja: vyeti vya hospitali vya mama, vya mwaka ule. Jamani, vyeti vile! Tangu Pasaka Vonetta alikuwa akiviomba. Mara vimo kwenye sanduku darini. Mara dari linavuja. Mara hospitali ile ilishavunjwa. "Mama, nipe basi jina la daktari," akaomba. Mama akamuuliza kama amekula.

Mlango ukalia. Earnestine akaingia na kofia yake ya zambarau ya Jumapili, glavu nyeupe mkononi kama siku za zamu yake ya kukaribisha waumini. Mkoba mdogo tu.

"Vyeti viko wapi?" Vonetta akauliza.

"Hata salamu hakuna?"

"Mama. Vyeti."

"Nimekuja mwenyewe. Nitawaambia kwa mdomo wangu. Mdomo si unatosha?"

Vonetta alitaka kupiga kelele. Badala yake akamshika mkono, akampitisha kati ya suruali zilizotundikwa zikisubiri pindo, akamketisha mbele ya kompyuta.

Maofisa watatu wakatokea kwenye skrini, na Bwana Brubaker kwenye kidirisha chake pembeni. Aliyekuwa akiongoza alikuwa mwanamke, kanali, mwenye sauti ya upole na macho yasiyopepesa. Akawaapisha. Akamsikiliza Vonetta mpaka mwisho, hakumkatiza. Kisha akamgeukia mama.

"Pole kwa usumbufu, Mama. Ulilazwa hospitali gani?"

"Ile ya kaunti."

"Daktari wako alikuwa nani?"

"Alikuwa… mrefu hivi. Mweupe."

"Jina?"

Earnestine akavua glavu moja, akaivaa tena. Vonetta alisikia cherehani ya Mama Paik ikisimama kule mbele.

"Mheshimiwa," Earnestine akasema, "nikisema, mtamwadhibu mwanangu?"

"Sema ukweli tu, Mama."

"Moyo wangu mzima. Haujawahi kuugua." Akaukumbatia mkoba wake. "Nilikuwa na safari. Sisi akina mama wa kanisani tulichanga miaka miwili, tukapata nafasi kwenye meli ya starehe, kwenda Bahamas. Mimi sijawahi kwenda popote, mheshimiwa. Nililea wadogo zangu, nikalea watoto wa watu kwa mshahara, nikamlea huyu. Nikajua nikimpokea mtoto, basi tena, ndiyo imetoka. Nikasema jeshi litamsubiri. Wiki moja! Nikirudi nimchukue mtoto, yeye aende. Nani alijua hawasubiri?"

"Kila mtu anajua," ofisa mmoja akasema kwa sauti ya chini, bila ubaya.

"Ulikwenda?" Vonetta akauliza. Haikuwa zamu yake kusema, lakini hakuna aliyemzuia.

"Nilikwenda."

"Kaylin akiwa kwa wale watu?"

"Sikujua. Haki ya Mungu sikujua mpaka niliporudi. Kule majini simu haikushika."

Kanali aliandika kitu, akamrudia Vonetta. "Bi Tisdale, maelezo yako ya kiapo yanasema mama yako alikuwa mgonjwa. Ulijua kwamba si kweli?"

"Nimejua sasa hivi," Vonetta akasema. "Pamoja nanyi."

Wakamuuliza mambo mengine, tarehe na majina, na Vonetta akajibu, ingawa baadaye hakukumbuka alijibu nini. Kanali akashukuru. Uamuzi ungekuja kwa posta, huenda baada ya miezi. Maofisa wakapotea, akabaki Bwana Brubaker akijifuta paji la uso.

"Sikudanganyi, Bi Tisdale. Hii inaweza kutuokoa, na inaweza kutuzamisha. Wakiamini hukujua, tuna nguvu kuliko jana. Wasipoamini…" Akaacha hapo.

Vonetta akaifunga kompyuta. Akarudi kwenye cherehani yake, akakaa. Mama akamfuata, akasimama pembeni ya meza na mkoba wake. Mama Paik alijifanya anahesabu vifungo.

"Nitukane basi," Earnestine akasema. "Nipige kelele. Nimestahili."

Vonetta alikuwa na hasira ya miaka, hasira ya kuvunjia vyombo. Aliitafuta mdomoni akakuta swali.

"Mlikula nini?"

"Wapi?"

"Kwenye meli."

Mama akamtazama kuona kama anadhihakiwa. Hakuwa anadhihakiwa.

"Kamba wa baharini," akasema polepole. "Wakubwa, kila mtu sahani yake. Na usiku wa mwisho walizima taa, wahudumu wakaingia na keki zinawaka moto, wanacheza nazo kati ya meza. Sote tulisimama tukapiga makofi."

"Ilikuwa tamu?"

Earnestine akaivuta kofia mpaka machoni. "Tamu sana, mwanangu. Mungu anisamehe. Ilikuwa tamu sana."

Vonetta akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeambiwa bei ya kitu alichokwisha kukilipia. Mlango ukalia, yule sajini mpya alikuwa amerudi, nusu ya mkate wa nyama mkononi, akauliza kama kombati iko tayari.

"Bado kidogo," Vonetta akasema. "Kaa hapo, karibu na mama yangu."

Akaunyanyua mkono wa kulia kwa mkono wa kushoto, akaulaza juu ya jina la kijana, akakanyaga.