Mateke ya Mama Okoth

Mwaka wa 1977 marehemu dada yangu Jecinta alikuwa akisomea uuguzi, na alikuwa ameshaanguka mtihani mara moja. Akianguka tena, angefukuzwa chuoni. Mtaa wetu mzima wa Ziwani ulijua, maana kuta za nyumba zetu hazikuficha kitu.

Shida yake ilikuwa usingizi. Akifungua kitabu tu, kichwa kinalala mezani. Siku moja alirudi na habari aliyofundishwa: chini kabisa ya ubongo, juu kidogo ya shingo, kuna sehemu ndogo inayoamsha tabaka la juu, lile tunalosomea. Hiyo ndogo ikisinzia, tabaka la juu halishiki neno. Na huamshwa sana na jambo usilolitarajia.

Basi akahamishia masomo yake kwenye foleni ya mfereji wa mtaa, bomba tulilochotea maji sote. Pale debe hupanga foleni badala ya mwenyewe, na usipoliangalia linasogezwa nyuma. Alimwomba jirani yetu, Mama Okoth, alipige debe lake teke kila yeye Jecinta anapofungua ukurasa.

Siku tatu alisoma bila kusinzia. Siku ya nne nilimkuta amelala wima, kitabu kifuani, debe likilia kama kengele ya kanisa. Nikamuuliza Mama Okoth mbona hamwamshi.

"Nimepiga mpaka kidole kimevimba," akasema. "Huyu amenizoea kuliko mume wangu."

Kicheko cha foleni ndicho kilichomwamsha Jecinta. Akakiri kosa ni lake: teke linalojulikana saa yake si habari tena, na ile sehemu ndogo ya ubongo hailishughulikii. Akawaomba wote wamshtue wapendavyo, au wamwache kabisa.

Foleni ikaifurahia kazi hiyo. Siku moja walificha debe. Siku nyingine hawakufanya lolote, naye akasoma saa nzima akisubiri. Fundi Wekulo, jirani mwingine wa foleni, alizoea kumtokea kwa nyuma na kumuuliza figo hufanya nini. Jecinta alijibu huku akikinga maji, na jioni bado alikuwa anakumbuka.

Barua ya matokeo ilipokuja, alinikabidhi bila kuifungua. Niliisoma mimi, pale pale mferejini: amepita, alama sabini na moja kwa mia. Wanawake wakapiga vigelegele. Mama Okoth peke yake akabaki ameshika kiuno.

"Na zile ishirini na tisa ulizipoteza wapi, msichana wangu, na sisi tulikuwa macho?"