Gari la Baba Anyango

Sylvanus Odhiambo alikuwa meneja wa mauzo katika kiwanda cha magodoro kule Nakawa, mtu wa tai na viatu vinavyong'aa, na kama kulikuwa na aibu moja iliyomkaba roho, ni kwamba mke wake alipenda magari. Kuyapanda lisingekuwa neno, hata yeye alipenda kupanda. Akech alipenda kuyafungua.

Akech alikuwa daktari wa meno. Siku za kazi alishinda ameinamia vinywa vya watu, na Jumamosi, wanawake wengine wa hadhi yake walipokwenda saluni, yeye alivaa ovaroli akalala chali chini ya Toyota Celica kuukuu ya milango miwili, aliyoinunua ikiwa mzoga usio na injini wala kioo cha nyuma.

"Mke wa meneja," Sylvanus alilalamika akiwa amesimama mbali kidogo ili suruali isishike grisi, "unatoka uvunguni mwa gari kama panya wa gereji. Majirani watasemaje?"

"Wananiuliza kama naweza kuwaangalizia breki," Akech alijibu, akateleza tena uvunguni.

Mwaka hadi mwaka ule mzoga ulipata uhai. Akech aliutafutia injini yenye nguvu kuliko ile iliyotoka nayo kiwandani, akaifunga tabo, akaweka springi fupi hata gari likainama chini kama paka anayevizia. Bomba la moshi alitengenezewa na Valère, fundi wa kuchomelea kutoka Bukavu aliyekuwa na kibanda Katwe. Lilikuwa nene kama mkono wa mtu mzima, na gari lilipowashwa kuku wa jirani walitoka mbio kabla hata mbwa hawajabweka. Sylvanus alipanda humo mara moja tu, akavushwa juu ya tuta la barabarani, akahisi Uganda yote imempiga makalio. Akaapa kwamba yeye na kile chombo basi.

Lakini Jumapili moja pikapu ya kiwanda aliyozoea kutembelea iligoma kuwaka, na ibada ya Kiswahili haikusubiri mtu. Alipanda Celica akiwa amenuna njia nzima. Walipofika kanisani Akech aliwahi darasa la watoto, akamwacha mumewe akihangaika kujitoa katika kiti, maana kutoka ndani ya gari lile kulikuwa kama kutoka kisimani. Ndipo Sylvanus alipomwona Kapteni Okullo amesimama mbele ya boneti.

Kapteni Okullo alikuwa mstaafu wa jeshi na mwenyekiti wa Umoja wa Wanaume wa kanisa. Kiswahili chake alikipata kambini, kwa hiyo hata salamu zake zilisikika kama amri. Katika miaka yote ya kuabudu pamoja hakuwahi kumwambia Sylvanus zaidi ya "Sogea kidogo."

"Odhiambo," alisema, akipitisha mkono juu ya boneti taratibu kama anayembembeleza farasi. "Hii gari nani alitengeneza?"

Jibu lilikuwa tayari mdomoni mwa Sylvanus, pamoja na maombi ya radhi. Kisha akauona uso wa Kapteni. Ulikuwa na heshima, heshima yenyewe kabisa, na ilikuwa inatafuta mtu wa kumwangukia.

"Ni mimi, Kapteni."

"Wewe? Wewe wa magodoro?"

"Mtu hawezi kulala tu, Kapteni."

Kapteni Okullo alicheka hadi akashika kiuno. Mahubiri yalipokwisha, wanaume waliokuwa na desturi ya kumpita Sylvanus kwa kumpungia kidole walikuwa wamelizunguka gari, na yeye katikati yao, mkono mmoja juu ya paa, akisema mambo kama "kazi ya mikono" na "uvumilivu." Usiku ule alilala usingizi mtamu kuliko wa godoro lolote alilowahi kuuza.

Tatizo la uongo wa aina hii ni kwamba unahitaji msamiati. Kila Jumapili wanaume walirudi na maswali, na Sylvanus hakujua kutofautisha karbureta na kibuyu cha maziwa. Basi akaanza kumdadisi mkewe mezani, kwa sauti ya mtu anayepitisha muda.

"Hiyo tabo, Mama Anyango, kazi yake hasa ni nini?"

Akech aliacha kutafuna. Akasukuma bakuli la mboga kando, akachukua kijiko na tonge la ugali, akaonyesha. "Huu moshi unaotoka injini, badala ya kupotea bure, unazungusha feni. Feni inasukuma hewa ndani. Hewa ikizidi, unaongeza petroli, nguvu zinazidi." Macho yalimng'aa. Alieleza mpaka ugali ukapoa, na Sylvanus akaitikia kwa kichwa kila mahali alipodhani panafaa.

Jumapili iliyofuata aliwaambia wanaume kwamba tabo ni mapafu ya pili ya gari, na kwamba yeye aliipendelea ipumue kwa pua. Tangu hapo akaitwa Injinia. Kazini alianza kutembea na bisibisi katika mfuko wa shati, pale kalamu zinapokaa, na mteja aliyekuja kuulizia godoro la inchi sita aliweza kuondoka na hotuba kuhusu shokamzoba.

Sikukuu ya Akina Baba ilipokaribia, Kapteni Okullo alisimama kanisani akatoa tangazo. Safari hii Umoja wa Wanaume hautakula pilau na kwenda nyumbani. Ndugu Injinia Odhiambo atawaonyesha vijana kitu ambacho baba anaweza kutengeneza kwa mikono yake mwenyewe, kisha ataliendesha gari kati ya koni. Kikombe cha Baba Hodari kitatolewa hapohapo. Na kwa kuwa Injinia ana cheo kiwandani, ataomba uwanja wa lami wanapopakilia mizigo, na magodoro ya kupanga pembeni kwa ajili ya usalama.

Makofi yalivuma. Sylvanus alimfuata Kapteni nje.

"Kapteni, gari ni mgonjwa kidogo siku hizi."

"Mgonjwa? Si wewe daktari yake? Tibu."

Ilibidi amwambie Akech. Alimwambia nusu. "Wanaume wa kanisa wameomba niwaonyeshe gari letu."

"Letu?"

"Si tulifunga ndoa, Mama Anyango?"

Akech alikuwa anapangusa spana kwa kitambaa. Aliendelea kupangusa ile ile moja. "Sawa, Baba Anyango. Ila nimebadilisha klachi. Ni ya mashindano, haina subira. Ukiiachia vibaya itakurusha. Twende tukafanye mazoezi."

"Mimi nimeendesha gari tangu Kisumu!"

"Umeendesha pikapu ya magodoro."

Sylvanus alikataa. Kufundishwa gari na mke wake mchana, barabara nzima ikiona? Alisema atasoma kitabu cha maelekezo.

Siku ya sikukuu uwanja wa kiwanda ulijaa mahema. Wanaume walikaa mbele kwa sababu siku ilikuwa yao, na wanawake walisimama nyuma ya masufuria kwa sababu ileile. Sylvanus alitokea katika ovaroli mpya ya buluu yenye mikunjo ya pasi. Shavuni alikuwa na doa la oili alilojipaka mwenyewe mbele ya kioo, baada ya kujaribu upande wa kulia na kuona wa kushoto unampendeza zaidi.

Alifungua boneti, baada ya kuhangaika na vishikizo ambavyo hakuwahi kuviona. Kapteni alisogea, vijana nyuma yake.

"Injinia, tuonyeshe hiyo mapafu ya pili."

Sylvanus alitazama ndani. Kulikuwa na vitu vingi, na vyote vilimtazama yeye. Alichagua kimoja cheupe, safi, kilichoonekana cha maana. "Hii hapa."

Wanaume walitoa simu zao, wakakipiga picha kichupa cha maji ya kusafishia kioo. Mmoja aliomba apigwe amekiwekea mkono. Nyuma ya masufuria Akech alikuwa anakula sambusa, anatafuna polepole mno.

"Sasa tuendeshee," akaamuru Kapteni.

Sylvanus aliingia, akajifunga mikanda, akawasha. Mngurumo ulipanda kifuani mwake, na kwa kitambo alisahau kwamba alikuwa mwongo. Alitia gia na kuachia klachi jinsi alivyoachia ya pikapu maisha yake yote. Gari liliruka kama chura, likazima. Umati ukashangilia ukidhani ndiyo mwanzo wa mambo. Akawasha tena. Likaruka, likazima. Mara ya tatu alikanyaga petroli kwa hasira, na safari hii halikuzima. Lilipita koni, likampita mchungaji aliyejirusha pembeni kwa wepesi ambao waumini hawakuutarajia, likajichomeka katikati ya magodoro. Rundo likaporomoka juu ya paa, moja baada ya jingine, kwa ulaini.

Ndipo mtu mmoja alitoka mbio kwenye mahema. Alikuwa Valère, aliyekuja kwa mwaliko wa Akech na hakujua habari zozote za Injinia.

"Mama Daktari!" alipiga kelele. "Mama Daktari, kuja uone gari yako!"

Kapteni Okullo aligeuka. "Gari ya nani?"

"Ya Mama Daktari, Akech. Ni yeye njo anatengenezaka. Ile ekzosi, ile bomba ya moshi, tuliichomelea sisi wawili pale Katwe." Valère aliinama kuchungulia dirishani. "Huyu bwana, mimi namuona leo mara ya kwanza. Labda ni mwizi?"

Sylvanus alisikia kila neno. Alitamani magodoro yaongezwe. Akech alifika, akayasukuma magodoro kando, akakagua bampa ya mbele kwa vidole, kisha ndipo akamtazama dereva.

"Umeumia?"

"Hapana," alisema kwa sauti ndogo. Akamkazia macho, akimwomba bila maneno. Ilibaki njia moja: Akech aseme Valère amekosea, aseme chochote.

Akech alisimama wima. "Gari ni langu, Kapteni," alisema. "Na huyu pia ni wangu."

Kapteni alikuwa askari aliyezoea mambo kuharibika, na yakiharibika alijua dawa moja tu. "Programu inasema gari itazunguka. Basi izunguke."

Akech alivua viatu. Alimwambia mumewe ahamie kiti cha pili au ashuke akae na wanaume wenzake. Sylvanus aliwatazama wanaume wenzake, wakiwa bado na picha za kichupa mikononi. Akahamia kiti cha pili.

Kilichofuata kilisimuliwa Nakawa kwa muda mrefu. Gari lililoruka kama chura sasa lilitiririka. Liliingia kati ya koni ya kwanza na ya pili kiubavuubavu, matairi yakilia, likapinda huku na kule kama mtu anayecheza muziki uliomkaa vizuri, na gauni la kitenge la dereva likipepea dirishani. Kutoka kiti cha pili ilitoka sauti nyembamba isiyokatika: "Yesu! Yesu wangu! Yesu!" Wanakwaya, waliodhani ni shukrani, wakaitikia "Amina!" kila gari lilipopita.

Likabaki suala la kikombe. Kamati ya Umoja wa Wanaume ilijifungia nyuma ya hema. Kila mtu alikiri kwamba mshindi ni Akech. Lakini kikombe kiliandikwa Baba Hodari, na katiba ilisema wazi kwamba kitapokelewa na mwanamume mwanachama. Walibishana mpaka chai ikaisha. Mwishowe Kapteni Okullo akatoka na uamuzi: Akech ameshinda, na mumewe atapokea kwa niaba yake.

Kwa hiyo picha iliyobandikwa kwenye ubao wa matangazo ya kanisa inamwonyesha Sylvanus, kikombe mkononi, doa la oili shavuni. Akech haonekani, ila kiwiko.

Jambo hilo lilimsumbua Sylvanus kuliko alivyotegemea. Jumatatu alikwenda kazini bila bisibisi. Jumamosi alfajiri alimkuta mkewe akinyoosha bampa, akasimama karibu, karibu kiasi cha kushika grisi.

"Mama Anyango. Ulijua?"

"Wake za hao wanaume wako wananijia na meno yao, Baba Anyango. Nilijua tangu wiki ya kwanza."

"Sasa kwa nini hukuniumbua mapema? Ukaacha mpaka niwaonyeshe maji ya kioo?"

Akech alicheka, akaacha, akacheka tena. Kisha akaweka nyundo chini. "Ulikuwa unaniuliza habari za tabo," alisema. "Tangu tuoane, hujawahi kuniuliza kitu ukakaa kusubiri jibu. Nikasema, wacha aulize aulize kwanza."

Sylvanus alikunja mikono ya shati lake la kazini, jeupe. "Hebu nionyeshe basi. Ile tabo yenyewe iko wapi?"

Akech alimkamata kifundo cha mkono, akamwinamisha juu ya injini, akakipeleka kidole chake chini, nyuma ya mabomba, mpaka kikagusa chuma baridi.

"Hapa," alisema.