Damu ya Kuku wa Mukarugwiza

Nilichoka hadi nikaanza kuwachukia kuku. Damu ya binadamu ina adabu: ukiizungusha kwenye mashine, chembe nyeupe zinajitenga, unazichota, unaenda kulala. Ya kuku ni kaidi. Chembe nyekundu huzing'ang'ania nyeupe, na tusipozipata nyeupe peke yake hatuwezi kupima kinga inayomwokoa kuku na ugonjwa wa kideri. Inabidi uzungushe polepole, kisha uiache mashine isimame yenyewe.

Jana Gerald, mwenzangu kutoka Kisumu, alinikuta nasinzia juu ya meza. Akanionea huruma, akabonyeza breki ya mashine ili niwahi basi. Tabaka jeupe likatibuka lote. Huruma nyingine heri matusi! Nilimfokea mpaka sauti ikakauka. Damu ile ilitoka kwa kuku pekee aliyepona katika banda la Mama Mukarugwiza, na sasa ilibidi nirudi kwake Kabuga kuomba tena.

Alinipokea mlangoni, kuku kwapani.

"Karibu, mwana. Leo umereta dawa?"

"Dawa gani, mama?"

"Eh! Hospitali wanatoa damu, kisha wanakupa dawa. Wewe unatoa tu. Dawa ya kuku yangu iko wapi?"

Uongo mwepesi ulinijia mdomoni, nikauonea aibu.

"Hakuna, mama. Tunataka kujua alivyopona, ili siku moja wengine wasife. Na ile damu ya kwanza tumeiharibu."

Akikataa, kazi yangu ya mwaka mzima imekwisha. Akalitazama banda lake tupu, kisha akamfunua kuku bawa.

"Toa. Rakini hii usiharibu."

Maabarani, mashine ilipoanza kupunguza kasi, Gerald alikuja na chai. Nikafunika kitufe cha breki kwa kiganja. "Hata usikohoe," nikamwambia. Mashine ikasimama kwa raha zake. Chini ya darubini, nyeupe tupu. Sikuwa na nguvu hata ya kushangilia.

Nikampigia Mama Mukarugwiza simu. "Mama, hatukuiharibu."

"Imana ishimwe!" Nilimsikia akimshukuru Mungu kwa lugha yake na kupiga makofi. "Basi kesho ninanunua vifaranga. Sasa hawatakufa."

Nikakaa chini. Kumbe ndivyo alivyonielewa.

"Bado, mama," nikasema. "Bado sana. Miaka."

Nilidhani atakata simu. Badala yake akaniuliza kama nimekula, na hapo ndipo machozi yaliponitoka.