Mbao za Daraja la Zamani

Kila mwaka ilikuwa hivyohivyo: kwenye bajeti wilaya zinaandika gharama mara mbili ya ile ya kweli, Hazina inakata nusu, na wote wanarudi makwao wakijiona wajanja. Ofisa aliyekuwa akikata walimbandika jina la Mkasi, na mwenyewe akilisikia alicheka. Ndiyo maana mhandisi wa wilaya, mwanamke asiyeweza kudanganya hata umri wake, aliandika bila kupepesa macho kwamba daraja la mtoni litagharimu milioni mia nane. Hesabu ya kweli ilikuwa mia nne.

Daraja hilo alilitaka kufa na kupona. Kijiji alichozaliwa kiko ng'ambo ya mto, hospitali iko huku. Mvua zilizopita, maji yalifunika mbao wanazovukia, na mdogo wake wa kike akajifungulia ukingoni akingoja mto ushuke. Mtoto hakumaliza hata saa moja. Sasa mdogo mtu ana mimba nyingine, changa, na mhandisi alishamwapia kwamba safari hii atavuka kwa miguu yake.

Tena alikuwa na uhakika hasa wa kulipata daraja. Fomu ya maombi ilisema mradi wenye picha ya eneo lililosafishwa utatangulizwa, basi juzi akampigia baba yake simu awakusanye wanakijiji wazing'oe mbao zote za zamani.

Asubuhi ya mazungumzo ya bajeti alipoingia ukumbini, Mkasi hakuwepo. Amestaafu. Kwenye kiti chake alikaa mama mmoja wa miwani, mpole wa sauti.

"Mwaka huu sikati kitu," alisema. "Mlichoandika ndicho hichohicho. Ila mradi unaozidi milioni mia tano hauna nafasi. Tutautazama baada ya miaka mitatu."

Zamu yake ilipofika mhandisi alisimama.

"Mheshimiwa, daraja letu ni milioni mia nne."

"Hapa umeandika mia nane."

"Niliongeza."

Mhasibu wa wilaya jirani, aliyeketi kando yake, akamvuta sketi. "Dada, kaa chini! Utatuponza sote!"

Hakukaa. "Niliongeza kwa sababu mlikuwa mnakata. Humu ndani nani hajaongeza? Nifukuze kazi hata leo, mama, lakini daraja liache. Nakupigia magoti."

Na kweli alipiga magoti, mhandisi mzima, kwenye sakafu ya ukumbi. Wenzake, ambao jana tu kwenye chai walishindana nani kaongeza zaidi, ghafla kila mmoja alipata karatasi ya kusoma.

Yule mama akavua miwani. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililouma zaidi. "Ungekuja kuniambia jana, mwanangu, ningekusaidia. Leo umekiri mbele ya watu kwamba umetia saini hesabu ya uongo. Sasa siwezi kuipitisha hata kwa milioni moja." Akachora mstari juu ya daraja. "Wilaya inayofuata."

Simu ilimkuta kwenye korido, ameegemea ukuta.

"Mwanangu, tumemaliza!" Baba alikuwa akihema kwa furaha. "Mbao zilikuwa zimeoza, tumezipasua kuni, watu wameshagawana. Picha umeiona?"

Aliitazama. Kingo mbili tupu, maji katikati, na majirani wamejipanga na mitarimbo yao wakicheka kama wako harusini. Pembeni kabisa alisimama mdogo wake, mkono tumboni.

"Nimeiona, baba."

"Basi huyu hapa ananing'ang'ania simu, anataka kukushukuru mwenyewe."

Mhandisi alifungua mdomo amzuie. Simu ilikuwa imeshabadili mikono.

"Dada?" Mdogo wake alikuwa akicheka. "Sasa huku hatuvuki tena, eti hata kliniki ya mwezi huu nitaikosa. Mume wangu alianza kunung'unika, nikamwambia anyamaze, dada yangu keshasema."