Shingo ya Mkamwana

Ajali yenyewe haikuua mtu, ndiyo maana watu wa Igowole waliigeuza stori ya kijiweni. Noah ya abiria ilikuwa inatoka Mbeya imejaza kama kawaida yake, dereva akalikwepa lori la mafuta karibu na Nyololo, gari likaenda kulala ubavu mtaroni, taratibu, kama ng'ombe aliyeshiba. Abiria wakatokea madirishani, wakajipangusa, wakapapasa meno yao wakayakuta yote. Sabina naye akatoka. Akambebea mama mmoja mtoto wake, akaokota ndala za watu, akafika nyumbani na mfuko wa dawa za presha za baba mkwe wake haujachanika hata kona.

Asubuhi yake hakuweza kuinua kichwa kwenye mto.

Shingo ilikuwa imekakamaa kama gogo la mpaina, na vidole vya mkono wa kulia vilikuwa vyake kwa kuviangalia tu. Majirani walikuja kumpa pole, wakamkagua mbele na nyuma kama wanaonunua mbuzi. "Mungu mkubwa, hata mkwaruzo!" Wakanywa chai, wakaondoka. Shida ya maumivu yasiyo na mkwaruzo ni kwamba hayana shahidi.

Sabina alikuwa fundi cherehani. Banda lake lilikuwa hapo hapo nyumbani, chumba cha mbele kinachotazama barabara, na nusu ya sare za shule za Igowole zilipita mikononi mwake. Siku ya tatu alijikongoja akakaa kwenye mashine. Uzi aliuona, tundu la sindano aliliona, ila vidole ndivyo vilivyokuwa havijui vimetumwa nini. Akaacha. Akakaa pale na uzi wake mkononi mpaka chakula cha mchana kikaungua jikoni.

Hospitali wakampiga picha, wakasema mfupa haujavunjika, wakamvisha kola ya shingo, ile ngumu inayomfanya mtu aonekane anawadharau wenzake. Wiki zikaenda, ganzi haikwenda. Mumewe, Jailos, alikuwa kambini msituni wanakopasua mbao, huko ambako simu hukamatwa ukipanda juu ya lori. Kwa hiyo aliyempeleka Iringa kwa tabibu wa uti wa mgongo alikuwa wifi yake, Prisca.

Sasa Prisca ni mtu wa kuelezwa. Huyu ni dada yake Jailos, mdomo wake haujawahi kupumzika tangu anyonye. Msibani anatania, kanisani anatania, na kwa wifi yake ndiyo usiseme, maana utani wa wifi hauna mahakama. Njiani kote alikuwa anamwonyesha Sabina video kwenye simu: mtu analazwa, anashikwa kichwa, kinazungushwa, ko! anaamka anacheka.

"Wewe leo utaliwa ko moja tu," alisema, "tunarudi unacheza ngoma."

Tabibu aliitwa Liberatus, mtu mfupi mwenye mikono mipana. Kazi yake ni kunyoosha pingili za mgongo, na milio anaijua. Lakini kwa Sabina hakuzungusha kitu. Aliuliza maswali mpaka Prisca akapiga miayo. Alimbinyabinya mabega, akamkanda mgongo wa juu polepole, akamgonga viwiko kwa kinyundo cha mpira. Picha akaitazama kwenye mwanga muda mrefu.

"Daktari," Prisca alishindwa kuvumilia, "mbona humvunji?"

"Dada, pazia likiwa limebaki linaning'inia kwa nyuzi mbili, utalivuta ili linyooke?"

"Pazia gani tena?"

"Kano zinazoshika pingili za shingo yake. Nahisi zimechanika, na picha hii haionyeshi kano. Nawaandikia mkapige picha kubwa Mbeya, wataalamu wa upasuaji wamwone. Mpaka hapo shingo hii hakuna mtu wa kuizungusha, hata mimi." Akamgeukia Sabina, na sauti yake ikashuka. "Mama, nikuambie ukweli. Mshipa mkuu wa fahamu unapita humo ndani. Shingo ikitulia, vidole vinaweza kurudi, na kwenye cherehani utarudi. Ikiteguka, siyo vidole tu. Ni mikono, ni miguu, ni kila kitu. Tumeelewana?"

"Tumeelewana."

"Kola usivue. Ukiitwa, geuka na mabega yote, geuka kama kabati. Nyumbani kuna kitu gani kinachokushtua ugeuke ghafla? Mtoto? Mbwa?"

Prisca akaangua kicheko. "Baba!"

Ikabidi wamweleze. Ukoo wa Jailos ni Wanyakyusa, na kwa Wanyakyusa wa zamani, mkamwana na baba mkwe hawatazamani. Hawasemezani, hawakutani mlangoni, hata jina la mzee mkamwana halitamki. Mzee akitokea, mwanamke anageuza uso, anajificha. Siku hizi vijana wengi wameshaacha, wanakaa sebuleni na wakwe zao wanaangalia mpira. Lakini Sabina ni Mhehe, na aliyeingia mwiko kwa kuolewa huushika kuliko waliozaliwa nao. Marehemu mama mkwe alimfundisha, naye akaapa hatamwaibisha. Miaka sita ya ndoa, uso wa Mzee Andendekisye hakuujua. Alijua miguu yake, kofia yake kwa nyuma, na kikohozi.

Kwa sababu mzee naye alikuwa muungwana. Tangu afiwe na mkewe kule Uyole alihamia chumba cha uani kwa mwanawe, na kila alipotaka kupita alikohoa kwanza ili mkamwana apate nafasi ya kupotea.

"Basi mwambieni akohoe mapema," Liberatus alisema, na hakucheka. "Mapema sana."

Mzee alipopelekewa agizo hilo, alilitii kama amri ya jeshi. Alikuwa anaanza kukohoa tangu kwa muuza mkaa, nyumba nne kabla. Watoto wa jirani wakawa wanamwigiza. Prisca akawa anamwambia, "Baba, punguza, watakupima TB." Lakini Sabina alipata muda wa kusimama, kugeuka kama kabati, na kuingia ndani na shingo yake nzima.

Jambo lililomkaa mzee rohoni ni dawa za presha. Sabina alikwenda Mbeya kwa ajili ya dawa zake, na kumwambia pole hawezi. Alijaribu njia zote zinazoruhusiwa. Alisimama uani akamwambia kuku, kwa sauti ya kusikika hadi ndani: "We kuku, kuna mtu aliumia kwa ajili yangu. Ningekuwa na mdomo wa kumwambia, ningemwambia." Ndani, Sabina alisikia, akalia kimyakimya, maana kulia kwa kwikwi kunatikisa shingo.

Kwenye ukoo wao iko njia ya kuufungua mwiko. Mzee anamtolea mkamwana ng'ombe jike, anamwita kwa jina lake, wanasalimiana, basi, kuanzia hapo ni baba na binti. Mzee Andendekisye akaamua. Akauza mahindi yake, akaenda Usangu kwa Wasukuma wafugaji, akachagua mtamba mwekundu mwenye paji jeupe. Wasukuma wakamtania, "Mzee, unaoa tena?" Akawajibu, "Naoa binti."

Siku hizo mambo yalikuwa yamechangamka kidogo. Tarehe ya picha kubwa Mbeya ilikuwa imeangukia wiki ile ile. Kidole gumba na cha shahada vilikuwa vimeanza kuchomachoma, na Liberatus kwenye simu alisema kuchomachoma ni habari njema. Sabina akajaribu kushona pindo. Tatizo la kola ni kwamba inakuinua kidevu; sindano iko chini, wewe unatazama dari. Kwa hiyo akaivua. Dakika tano tu, alijiambia, pindo moja tu. Akaiweka pembeni, akainamisha macho, mguu ukakanyaga, mashine ikalia. Pindo likanyooka. Alikuwa hajafurahi hivyo tangu ajali.

Nje, mzee alikuwa amefika na mtamba wake, amemfunga kwenye mti wa mparachichi. Prisca alikuwa amempokea njiani, hajafika hata kwa muuza mkaa. Mzee alijaza kifua tayari kwa kikohozi, binti yake akamziba mdomo kwa kiganja.

"Baba, leo ya nini kukohoa? Mwiko si unaisha?"

"Hajui kama nimefika. Nenda kamwambie kwanza."

"Nikimwambia utamu wote unaisha! Ingia tu, mwite. Tumshtue. Nataka nione sura yake akijua ana ng'ombe."

Mzee akasita. Lakini furaha nayo ni pombe ya ulanzi, ikikolea inampeleka mtu asikokwenda siku zote. Akavua kofia. Akausukuma mlango wa banda, kwa mara ya kwanza katika miaka sita bila kikohozi, akaita:

"Sabina!"

Cherehani ilikuwa inalia, hakusikia hatua. Alichosikia ni sauti ile iliyokuwa ikisema na kuku, sasa iko mgongoni kwake, ndani, na imetaja jina lake. Mwili haukumuuliza. Kichwa kikageuka upande wa ukuta kama kilivyogeuka miaka yote, mara moja, na yeye akaruka kutoka kwenye stuli ili akimbie. Mguu ukanasa kwenye kanyagio. Paji la uso likapiga ukingo wa meza, akaanguka chali.

Prisca alicheka. Kicheko kilikuwa kimeshaanza kutoka kabla macho hayajafika. "Wifi, umeona ng'ombe au umeona simba? Inuka bwana! Inuka upokee zawadi."

Sabina alikuwa amefumbua macho. "Wifi," alisema, taratibu, kama anayeulizia kitu kilichopotea sokoni, "miguu yangu mmeiweka wapi?"

Kicheko kikakatika.

Mzee alikuwa wa kwanza kuelewa. "Usimguse!" alimfokea binti yake aliyekuwa ameshainama kumvuta mkono. "Mpigie yule wa Iringa!"

Sauti ya Liberatus ikatoka kwenye spika ya simu, imejaa chumba kizima. Msimwinue. Tafuteni mlango au ubao mpana. Mumvingirishe mwili wote kwa pamoja. Na mtu mmoja ashike kichwa, viganja viwili, masikioni, kikae sawa na mwili, asikiachie mpaka hospitali. "Nani hapo mikono yake haitetemeki?"

Prisca alitazama mikono yake. Ilikuwa inaruka kama kuku aliyechinjwa. Vitus, jirani mwenye pikapu, ndiye wa kuendesha. Jailos yuko msituni.

Mzee Andendekisye akapiga magoti kichwani kwa mkamwana wake. Akaomba radhi, kwa Kinyakyusa, haikujulikana anamwomba nani, pengine marehemu. Kisha akamshika.

Wakang'oa mlango wa choo, wakamfunga juu yake kwa vitenge vya wateja, wakampandisha nyuma ya pikapu. Prisca akakaa miguuni, miguu ile isiyojua kama imeshikwa. Barabara ya kwenda Mafinga si barabara ya kumpitisha mgonjwa. Vitus aliendesha kama aliyebeba mayai, na kila shimo mzee alilipokea kwa mabega yake lisifike mikononi.

Sabina hakuwa na pa kutazama. Juu kulikuwa na ukungu, na katikati ya ukungu uso wa baba mkwe, umepinduka, kidevu juu na paji chini. Aliona ana kovu kwenye nyusi. Aliona anafanana sana na Jailos. Aibu ikamjaa, akataka kugeuka, na viganja viwili vikamkatalia.

"Fumba macho, mwanangu," mzee alisema, "kama unaona haya."

Akafumba. Walikwenda hivyo mpaka mashamba ya chai yakaisha.

"Baba," alisema, macho bado yamefumbwa. Ndilo neno la kwanza alilowahi kumwambia. "Pua inaniwasha."

"Vumilia. Siwezi kuachia."

"Inaniwasha sana, baba."

Mzee akainama, akampuliza puani, polepole, kama mtu anayechochea moto ulioshika vibaya. Prisca aliona, akafungua mdomo kwa mazoea, akakuta hauna kitu. Akajifunika kanga usoni.

Hospitali wakawapokea mbio. Wakamvisha kola nyingine, wakaweka mifuko ya mchanga huku na huku. Nesi akamwambia mzee anaweza kuachia sasa. Akaachia, lakini hakuondoka. Alibaki pale pale kichwani, viganja vimekaa wazi hewani.

Daktari wa zamu, kijana, akachukua mkono wa kulia wa Sabina akaweka kidole chake ndani ya kiganja.

"Mama, bana kidole changu."

Sabina akabana. Akakaza meno, mshipa ukamtoka kwenye paji, jasho likamchuruzika kwenda masikioni. Alibana kwa nguvu zote za fundi aliyekata vitambaa vya kaki kwa mkasi butu miaka kumi.

"Na huu wa kushoto."

Akabana.

"Nimebana?" aliuliza.

Daktari alikuwa ameshaanza kusema na nesi kwa sauti ndogo. Prisca alikuwa anaangalia sakafu.

"Baba. Nimebana?"

Mzee Andendekisye aliitazama mikono ile miwili juu ya shuka, imelala kama glavu zilizosahauliwa.

"Bado, mwanangu," alisema. "Jaribu tena."

Akajaribu tena.