Kabla ya Kusema Yaishe

Watu wa kanisa wana ujasiri, jamani. Walikaa, wakapanga, wakakubaliana, na walipomaliza kila kitu ndipo wakamkumbuka mwenye msiba. Jumamosi asubuhi Papa Athanase, mzee wa kanisa, alimwambia Epiphanie, kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi, kwamba kesho kabla ya Meza ya Bwana yeye na Bertrand wataitwa mbele wapeane mkono.

"Ili yaishe," akasema.

Epiphanie alikuwa ameshika upinde, na kama si adabu aliyofundishwa na mama yake, angempiga nao.

Yaishe! Kwa Warundi na Wakongo wa kanisa lile, neno hilo si la mchezo. Waliogombana husimama mbele ya watu, hushikana mikono, kila mmoja hutamka "yaishe", kina mama hupiga vigelegele na wimbo huimbwa. Tangu hapo jambo limezikwa. Atakayelitaja tena, iwe saluni au barabarani au jikoni kwake, huyo ndiye mwenye dhambi, na Meza ya Bwana ataiona kwa macho tu.

Na jambo lenyewe lilikuwa Gaël, mdogo wake.

Siku ile ya vurugu, wenye marungu waliposhuka upande wa Point, mtaa wa karibu na bandari ya Durban, wakitafuta wageni, Bertrand aliwahi kushusha shata ya duka lake la simu, ule mlango wa chuma unaoteremka kama pazia. Waliokuwa ndani walipona. Gaël alibaki nje. Aliishi siku chache tu hospitalini, na kabla hajanyamaza alimwambia dada yake, yaya wake kama alivyomwita, maneno ambayo hayajamtoka kichwani mpaka leo: "Nilimwita Bertrand. Shata ilikuwa bado na nafasi chini, niliona viatu vyake. Alikuja mpaka pale, yaya, halafu akamalizia kuishusha."

Bertrand anasema hakusikia kitu. Kelele zilikuwa nyingi, anasema. Anasema hivyo macho makavu, mchana kweupe, na watu wanatikisa vichwa kwa huruma. Mchungaji naye alimwambia Epiphanie kwamba mgonjwa mwenye homa huona mengi. Homa gani? Gaël alivunjwa mbavu, hakuwa na malaria.

Hata hilo pengine angelimeza. Kilichomshinda ni habari ya mama yao. Mama alibaki Bujumbura, na ndiye aliyemlea Bertrand alipofiwa na wazazi; Bertrand akala sahani moja na Gaël, akalala naye mkeka mmoja. Hapa Durban Bertrand ndiye aliyesimamia mazishi. Basi kila simu ya mama huanza kwa kumshukuru Mungu kwa ajili ya Bertrand, mwanawe aliyemzikia mwanawe. Epiphanie husikiliza huku akiuma mdomo. Akisema yeye, mama hataamini; atasema uchungu umemvuruga akili. Ukweli ule ungeweza kutoka kwenye mdomo mmoja tu duniani, na kesho mdomo huo ulikuwa unakwenda kufungwa kwa vigelegele.

"Vuta," akasema Papa Athanase, maana hakutaka mabishano.

Walikuwa mtaa wa Berea, nyuma ya ukumbi mmoja wa zamani, kwenye kiwanja chembamba chenye lundo la mchanga mwishoni na shabaha ya karatasi juu yake. Papa Athanase alifundishwa mishale na Mjapani mmoja wa ofisi za meli, enzi alipokuwa dereva wake pale bandarini. Mjapani aliporudi kwao alimwachia pinde zake ndefu, zinazompita mtu kimo, pamoja na maneno yake. Pinde zilikuwa nzuri. Maneno ndiyo yaliyomchosha Epiphanie. Pumua. Usiitamani shabaha. Anavyovuta mtu ndivyo anavyoishi. Yeye alikuwa akija kila Jumamosi kwa sababu akivuta ule uzi wa upinde kwa nguvu zote, hasira yake ilipata kazi ya kufanya, basi. Hekima angeisikiliza redioni.

Akavuta mpaka mkono wa kulia ukapita sikio. Halafu, kama kawaida yake, akaharibu. Epiphanie ni msusi, saluni yake iko South Beach, na kazi ya msusi ni kubana: unabana, unavuta, ukifika mwisho unakaza kwa nguvu ili msuko usije ukafumuka njiani. Vidole vyake havikuwahi kuachia kitu kwa hiari. Vikabana, vikanyofoa, na mshale ukaenda kombo ukajichomeka kwenye uzio.

"Unasuka tena," akasema Papa Athanase. "Eish, mama Epiphanie, huu si msuko. Usiunyofoe. Wewe simama wima, vuta, vumilia. Upinde ukijaa, mshale utatoka wenyewe."

"Na kama haujajaa?"

"Unangoja. Ukiutoa kwa lazima unaudanganya upinde, na wewe mwenyewe unajidanganya."

Epiphanie akashusha upinde, akamtazama. Hakuamini masikio yake.

"Papa Athanase, unasikia unachosema?"

"Nini tena?"

"Mshale unangojwa. Mimi je? Kesho nikokotwe tu kama mbuzi wa sokoni?"

"Bon, hayo ni mambo tofauti. Kanisa linagawanyika, mama. Watu wamechoka. Na hiyo chuki inakula wewe, haimli Bertrand."

"Nani kakwambia ni chuki? Ningemchukia ningetaka afe. Mimi nataka aseme. Amwambie mama yangu alichofanya, kwa mdomo wake, halafu ndiyo mnipangie mambo ya mikono."

Papa Athanase akakohoa, akaenda kwenye uzio kuuchomoa mshale. Alikaa huko muda mrefu kuliko mshale mmoja unavyohitaji, na aliporudi alizungumzia mvua.

Jumapili Epiphanie angeweza kubaki nyumbani. Lakini asiyekuja huhesabiwa kuwa ameshindwa kesi, na yeye hakuwa tayari kumpa Bertrand zawadi hiyo. Akavaa kitenge chake kizuri, akapanda ngazi za ule ukumbi wa ghorofani walikokuwa wanasali, akakaa mstari wa mbele kabisa ili wamwone.

Bertrand alikuwa na suti ya kijivu, uso umelainika kama wa bwana harusi. Walipoitwa, alisimama haraka na kunyoosha mkono hata kabla hajafika.

"Dada yangu," akasema, akihakikisha watu wa nyuma wanasikia, "kama kuna mahali nilikukosea bila kujua, nisamehe. Yaishe."

Kama kuna mahali! Bila kujua! Mchungaji akatabasamu na kumpa ishara Papa Athanase, kwa sababu kuunganisha mikono ni kazi ya mzee wa kanisa. Papa Athanase akamshika Bertrand kifundo cha mkono, akamshika na Epiphanie, akaanza kuvileta viganja pamoja. Kiganja cha Epiphanie hakikutaka. Mzee akavuta. Akavuta tena, kwa nguvu zaidi.

"Papa Athanase," Epiphanie akasema polepole, "unaninyofoa."

Ukumbi mzima hakuna aliyeelewa isipokuwa mzee. Akatazama vidole vyake mwenyewe vilivyobana kwenye mkono wa mwanamke, na aibu ikampanda usoni waziwazi. Akamwachia. Akamwachia na Bertrand, akarudi nyuma hatua chache.

"Endelea, mzee," Mchungaji akanong'ona.

"Bado, Mchungaji," akasema. "Saa haijafika."

Epiphanie alikuwa na matusi tayari, ya Kirundi na ya Kiswahili, aliyoyapanga tangu makaburini. Mshenzi, mnafiki, muuaji wa aliyekula naye. Yalimjaa mdomoni na alitamani kuyamwaga yote. Lakini alijua vizuri kitakachotokea: atatukana, watu watamwonea Bertrand huruma, na Bertrand atapona kwa mara ya pili. Basi akasimama wima. Hasira ikampanda tumboni, kifuani, mabegani, naye akaiacha ijae.

"Bertrand," akasema, "Gaël alikuita."

Akamkazia macho mwanaume yule.

Watu wakakohoa. Mama mmoja akaanzisha wimbo, jirani yake akamfinya. Bertrand akamtazama Mchungaji, Mchungaji akatazama Biblia. Akamtazama Papa Athanase, naye akawa anatazama sakafu. Bertrand akafuta jasho. Sentensi yake kila mtu aliijua kwa moyo, na alipofungua kinywa walijua ndiyo inakuja.

"Kelele..." akasema, akakwama.

Epiphanie hakumsaidia.

"Nilimsikia," Bertrand akasema. "Sauti niliijua. Aliniita kaka. Niliogopa, nikiinua shata wataingia wote. Nikashusha."

Mtu nyuma akalia kwa kwikwi. Mchungaji, ambaye hapendi ibada ipoe, akainua mikono juu, "Bwana asifiwe, ukweli umetoka, sasa dada yetu..." na kina mama wakaweka ndimi tayari.

"Msipige vigelegele," Epiphanie akasema.

Hawakupiga. Alikuwa amefikiri siku atakayoyasikia maneno hayo hasira itapoa. Wapi! Ilikuwa kali kuliko jana. Lakini sasa hakuna mtu ambaye angemwambia tena habari za homa. Bertrand alikuwa bado amenyoosha mkono, analia, anasubiri. Epiphanie akaingiza wake kwenye pochi, akatoa simu, akabonyeza jina la mama, akafungua sauti kubwa na kuiweka kwenye kiganja kile kilichonyooshwa.

Simu ikaita. Ikaita tena.

"Allô? Epiphanie?"

Bertrand akaishika kwa mikono miwili.

"Si Epiphanie, mama," akasema. "Ni mimi, Bertrand."

"Bertrand, mwanangu," sauti ya mama ikajaa ukumbini kwa furaha. "Nimetoka kukuombea sasa hivi."

Epiphanie alibaki amesimama palepale, na hakumwondolea macho mpaka Bertrand alipoanza kusema habari ya shata.